Siku 14 za Rufaa

Wewe unayekimbiza gari barabara ya Isiolo–Moyale ili uwahi futari, hebu sikiza. Ukiua mtu kwa kuendesha kwa hatari, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chaweza kukufunga hadi miaka 10. Wazee wakishapatana diya, usidhani kesi imekwisha. Mwenye mashtaka ni Jamhuri. Tena usikiri upesi-upesi ukitegemea rufaa: aliyekiri kwa kawaida hupinga adhabu tu. Una siku 14 tangu hukumu kwenda Mahakama Kuu, nayo yaweza kupunguza kifungo, yaweza pia kukiongeza. Lakini hakuna rufaa ya kumrudisha maiti. Tende zitakungoja, ndugu. Punguza mwendo.
Wabillahi tawfiq.