Kikohozi Kabla ya Kisu

Mgonjwa aliyepangiwa kupasuliwa moyo huficha kikohozi asije akaondolewa kwenye orodha. Namwelewa, zamu yenyewe kaingoja miezi. Lakini mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji huyachokoza mapafu, na yakiwa tayari na virusi, hatari huzidi. Utafiti uliochapishwa 2021, wa wagonjwa zaidi ya 140,000 wa upasuaji wa kila aina katika nchi 116, ulionyesha kuwa waliopasuliwa kabla ya kutimia wiki saba tangu waambukizwe Korona walikufa zaidi. Hata hivyo, yuko ambaye moyo wake hauwezi kungoja wiki saba. Kupima hatari hizo mbili ni kazi ya daktari, naye atapimaje kama hakuambiwa kikohozi kilianza lini?