Blanketi la Dunia



Moshi wa makaa ya mawe, petroli na misitu inayochomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hulizuia joto lisitoroke, kama blanketi usiku.

Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa za ukaa. Mwaka 2024 zilipita 420. Je, zikiwa 560, yaani mara mbili, joto litapanda kiasi gani? Mwaka 1896 mtaalamu wa Sweden, Svante Arrhenius, alipiga hesabu akapata digrii 5 hadi 6. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema ni kama 3: huenda 2 na nusu, huenda 4.

Mbona nyingi hivyo? Joto huzaa joto. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, na mvuke nao ni blanketi la pili.

Msidharau digrii moja, ndugu zangu. Mahindi yakipigwa na joto kali wakati wa kuchanua hayashiki punje vizuri. Moshi wa Afrika ni mdogo. Nchi za viwanda ndizo zilizochoma zaidi, basi zitangulie kupunguza.

Haya, jadilianeni.