Komoro na Shelisheli: Majirani Wanaotenganishwa na Ratiba

Komoro na Shelisheli ni majirani katika Bahari ya Hindi. Kutoka uwanja wa ndege wa Hahaya, karibu na mji wa Moroni, hadi uwanja wa Pointe Larue kisiwani Mahé, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,550 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa huweza kuumaliza mwendo huo kwa saa mbili na robo hivi, pamoja na kupaa na kutua. Kwa kuwa saa za Mahé zimetangulia zile za Moroni kwa saa moja, abiria aliyeondoka saa mbili asubuhi angewasili saa tano na robo kwa saa za huko.

Hiyo ni hesabu ya ramani. Hesabu ya msafiri ni nyingine kabisa. Asiyepata ndege ya moja kwa moja hulazimika kuelekea magharibi, ilhali aendako ni mashariki. Akipitia Dar es Salaam na Nairobi, husafiri kilomita 685 hivi, kisha 660, halafu 2,100 za kuvuka bahari. Jumla yake ni kama kilomita 3,450, zaidi ya mara mbili ya njia iliyonyooka. Juu ya hayo kuna saa za kungoja viwanjani, na pengine gharama za kulala njiani.

Hali hii ina chimbuko lake. Komoro ilitawaliwa na Ufaransa hadi tarehe 6 Julai, 1975, na Shelisheli ilitawaliwa na Uingereza hadi tarehe 29 Juni, 1976. Kila koloni lilifungamanishwa na mji mkuu wa mtawala wake, wala si na jirani yake. Sababu ya pili ni uchache wa watu. Shelisheli ina watu laki moja na ushei, na Komoro haijafikia milioni moja. Hakuna shirika liwezalo kuendelea kurusha ndege yenye viti vitupu.

Juhudi zimekwisha kuanza. Tume ya Bahari ya Hindi iliundwa kwa Mkataba wa Victoria wa mwaka 1984, na Komoro ikajiunga mwaka 1986. Mwaka 2015 mashirika ya ndege ya visiwa hivyo yalitia saini mjini Antananarivo makubaliano ya kushirikiana.

Hata hivyo, saini pekee hazimfikishi mgonjwa kwa daktari, wala mfanyabiashara sokoni. Yafaa serikali husika zipatanishe ratiba, zipunguze kodi za viwanja, na ziwezeshe ndege moja kugusa visiwa kadhaa katika safari moja ili ipate abiria wa kutosha. Umbali wa bahari hauna wa kuupunguza. Urefu wa safari, lakini, umo mikononi mwa wenye visiwa wenyewe.