Haki Kwanza, Chama Baadaye

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa mashina na matawi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya utiifu kwa chama. Tutaanza na swali ambalo kila mwanachama hukutana nalo siku moja: chama chako kinapotenda dhuluma ileile uliyojiunga nacho ili kuipinga, wewe husimama wapi?

Sisi wenyewe tuliwahi kushindwa na swali hilo, na ni afadhali tukiri mapema. Katika mchujo mmoja wa chama chetu, miaka michache baada ya uchaguzi wa 1992, karatasi za kura zilitufikia jioni. Watu waliokuwa wamesimama foleni tangu alfajiri walipiga kura kwa mwanga wa karabai. Hesabu ilisomwa hadharani, nasi tukaiandika. Siku ya tatu, cheti cha uteuzi kilikabidhiwa mtu aliyeshindwa. Tulipouliza, tuliambiwa tufunge midomo, kwani kelele zetu zingempa adui fimbo ya kutuchapia. Tukafunga midomo. Karatasi ya hesabu tukaikunja, tukaitia mfukoni.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ile alitujia. Alituuliza kwa nini mwaka 1988 tulilia hadi sauti zikakauka, na sasa, hesabu ikiwa mfukoni mwetu, hatulii. Hatukuwa na jibu.

Vijana waliozaliwa baadaye wanapaswa kuelewa mama yule alikuwa akikumbuka nini. Mwaka 1988 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria tangu 1982, kiliteua wagombea wake kwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea waliyemtaka au wakala wake, mbele ya macho ya chifu, mwajiri na jirani. Aliyepata asilimia 70 au zaidi ya foleni alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri. Mahali pengi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na watu walipokwisha kutawanyika hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabu upya. Viongozi wa makanisa walipaza sauti. Mwishoni mwa 1990 KANU yenyewe ilikubali kuuacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba.

Basi tukumbuke tulichokipigania. Hatukutaka vyama vingi ili tupate majogoo mengi badala ya moja. Tulivitaka kwa sababu chama kimoja kilikuwa kimejifanya mchezaji, mwamuzi na mwenye uwanja. Chama chetu kinapofanya hivyo, nacho ni mlolongo uliovaa nguo mpya. Nyani haoni kundule.

Ndugu zetu, historia ya nchi hii ina watu walioliona jambo hili wakiwa ndani ya chama kilichotawala. Mwaka 1975 Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini kama Naibu Spika, aliona jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Wote wawili waliwekwa kizuizini. Mwishoni mwa 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama.

Lakini mfano tunaopenda kuukalia zaidi ni wa Bildad Kaggia. Huyu alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Jomo Kenyatta. Uhuru ulipokuja akawa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi. Kiti alikuwa nacho, na jina la kupigiwa makofi alikuwa nalo. Alichokosa ni uwezo wa kunyamaza. Aliona watu waliopokonywa mashamba wakiambiwa wayanunue, naye akasema hadharani kwamba hiyo siyo ahadi waliyopewa. Mwaka 1964 aliacha wadhifa wake serikalini. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara kwao Kandara, Rais Kenyatta alimuuliza mbele ya watu amejifanyia nini, ilhali wenzake waliotoka naye gerezani walikuwa wamekwisha kujipatia mali. Swali hilo lilikusudiwa kumwaibisha.

Mwaka 1966 Kaggia alihamia KPU pamoja na Jaramogi Oginga Odinga. Katiba ikabadilishwa haraka ili waliohama warudi kwa wapiga kura, na Kandara akashindwa. Mwaka 1968 alifungwa jela kwa kosa la mkutano usio halali. Baadaye alijipatia riziki kwa kinu cha kusaga unga, na alifariki mwaka 2005. Leo lile swali la 1965 limegeuka, na aibu yake imewarudia waliocheka lilipoulizwa.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kila anayehama chama ni mtu wa msimamo. Tuliwaona wabunge wa upinzani waliochaguliwa mwaka 1992 wakivuka kwenda KANU, na baadhi yao hawakueleza msimamo wowote uliowavusha. Kipimo si kigumu: tazameni mtu amepoteza nini na amepata nini. Kaggia alipoteza kiti. Anayehama asubuhi na kuonekana na gari jipya jioni hakuhamishwa na dhamiri.

Wako watakaotujibu kwamba misimamo hugawanya, nao watatutajia mwaka 1992. Ni kweli FORD iligawanyika, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura huku wapinzani wakigawana zilizobaki. Jeraha hilo tunalijua. Lakini tuulize FORD ilivunjwa na nini. Kanuni zao hazikutofautiana sana. Waligombana juu ya nani awe mgombea wa urais, na kwa njia gani ateuliwe: kwa wajumbe au kwa kura ya wanachama wote. Lau pangekuwa na daftari na hesabu ambayo kila upande unaiamini, wangekuwa na sababu chache zaidi za kuachana. Umoja unaosimama juu ya hesabu ya uongo huporomoka siku kila mmoja anapoihitaji hesabu ya kweli.

Sasa kwa nini tunawaambia ninyi wa mashinani, wala si wakubwa? Katiba ya 2010 inasema mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichomdhamini hupoteza kiti, na mjumbe wa bunge la kaunti vivyo hivyo. Sheria hiyo ni nzuri dhidi ya biashara ya kuhama, ila wenye vyama wameigeuza kamba ya kuwafunga wasemao kweli. Mwenye kiti ana cha kupoteza. Lakini katibu wa shina, mweka hazina wa tawi, na mama anayeandaa viti vya mkutano, watanyang'anywa nini? Uhuru ambao mbunge hana, ninyi mnao. Nchi ina wadi 1,450. Kama katika kila moja watu kumi tu watakataa kutia sahihi hesabu ya uongo, hakuna makao makuu yatakayoweza kuwafukuza wote.

Basi tunawaomba mambo matatu kabla ya mchujo ujao. Kwanza, daftari la wanachama libandikwe wazi, ili wasizuke wanachama wa usiku mmoja. Pili, kura zihesabiwe palepale zilipopigwa na matokeo yabandikwe mlangoni. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 2017 kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Kwa nini chama kijiruhusu yale ambayo mahakama imeikataza tume ya uchaguzi? Tatu, mwenye pingamizi aandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwa jina lake na sababu zake, wala asiitwe msaliti. Na wanapowajia wakiwataka mpige kura ya suti, kuanzia juu hadi chini bila kutazama mtu, mtazameni mtu.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wengi wao walisema hawana chama. Wengine wetu tuliudhika. Ilifaa tujiulize ni hesabu ngapi tulizozikunja mbele ya macho ya wazazi wao.

Karatasi ile ya karabai tunayo hadi leo. Imechakaa, na yule aliyepewa cheti amekwisha kusahauliwa. Hatuna wa kumpelekea sasa. Tunawaonyesha ili ninyi, itakapofika zamu yenu, yenu muisome kwa sauti siku ileile.