Mapigo Kwanza, Maneno Baadaye

Msikilizaji, tamka neno barabara. Ukikaza silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra, umetaja njia ya magari. Ukikaza ya pili, ba-RA-ba-ra, umesema jambo limekwenda sawasawa. Herufi ni zilezile. Mtoto wa Mswahili huitambua tofauti hiyo kwa sikio kabla hajashika kalamu, kwani mtoto huingia katika lugha kwa mlango wa mapigo. Mwaka 1998, Thierry Nazzi na wenzake huko Ufaransa waliwasikilizisha vichanga wa siku chache sentensi zilizochujwa hata maneno yasitambulike, ikabaki midundo na kiimbo. Vichanga hao walitofautisha Kiingereza na Kijapani. Kiingereza na Kiholanzi, ambazo mapigo yake yanakaribiana, ziliwapiga chenga.

Ndiyo maana siafiki michezo ya makofi kuondolewa katika madarasa ya awali eti mtoto awahi herufi. Anayepiga kofi kwa kila silabi, m-to-to, makofi matatu, anaikata sauti vipande kwa mikono yake mwenyewe. Ile m ya mwanzo, isiyo na irabu, nayo inapata kofi lake, na siku ya kuandika hairuki. Herufi sizidharau: mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walionyesha kwamba watoto waliotambua vina mapema ndio waliokuja kusoma vizuri, na waliofanya maendeleo makubwa zaidi ni wale waliofundishwa sauti na herufi kwa pamoja.

Utaniuliza, mbona madarasa yetu yamejaa kuitikia a-e-i-o-u, na bado wapo wanaofika darasa la tatu hawajui kusoma? Ni kweli, na inauma. Lakini kiitikio cha darasa zima humficha asiyejua ndani ya sauti za wenzake. Makofi ya wawili humfichua: akikosa pigo, viganja havikutani, wanaanza upya. Swali zito zaidi ni la mtoto asiyesikia. Mwaka 2001 Laura-Ann Petitto na wenzake walipima mikono ya watoto wachanga wenye kusikia, waliolelewa na wazazi viziwi kwa lugha ya alama. Mikono hiyo ilikuwa na mwendo wa taratibu, wenye pigo lake, ambao haukuonekana kwa watoto wa wazazi wanaosema. Pigo la lugha, kumbe, huweza kuingilia machoni.