Kisu Chini



Mzee mmoja wa kanisa letu, mfugaji wa huku Kajiado, alipasuliwa kansa ya tumbo. Nilikaa nje na mke wake na kijana wao aliyetoka Kitengela. Tuliambiwa kazi itachukua muda wa saa nne. Zikapita, na ya tano ikapita, mlango haukufunguka. Kijana akaninong'oneza, "Pasta, baba amekufa, wanaogopa kutuambia." Niliomba, lakini kusema kweli nilikuwa nikitazama saa.

Daktari alipotoka alitueleza. Nyongo hutoka kwenye ini na kushuka kwa mrija mwembamba. Kwa kawaida mrija huo hupita nyuma ya sehemu ya kwanza ya utumbo na kuingia katika sehemu ya pili. Kwa hiyo mpasuaji aweza kukata pale tumbo linapoishia, akaondoa kansa, na nyongo isipotewe na njia. Lakini mrija wa mzee wetu uliingia juu, pale pale kisu kilipokuwa kikielekea. Wako watu wachache walioumbwa hivyo, wala wenyewe hawajui. Zaburi ya 139 yamsifu Mungu kwa jinsi alivyotuumba; mimi sikuwa nimefikiria mirija ya nyongo.

Daktari akaweka kisu chini. Akamwita mkubwa wake. Wakatia dawa mrijani na kupiga eksirei, njia aliyoianzisha daktari Mirizzi wa Argentina mwaka 1931, wakaiona njia yote. Ndipo wakaukata mrija kwa makusudi na kuushona kwenye utumbo mahali pengine, maana kansa ilikuwa lazima iondoke yote. Hiyo ndiyo saa iliyotutesa.

Mzee alipoelezwa alicheka, ameshika mshono. Amechinja mbuzi tangu ujana. "Natafuta nyongo kwa kidole kwanza, kisha kisu," akasema. "Ikipasuka, nyama hailiki." Kwa binadamu ni zaidi ya uchungu: nyongo ikivuja ndani yaweza kuua.

Nilirudi nyumbani kimya. Juma lile lile nilikuwa nimeamua shauri la mume na mke bila kuuliza sana, kwa kuwa lilifanana na mengine niliyoyajua, na tena chuoni tulifundishwa mashauri ya namna hiyo. Nilikata nisipopaona.

Nimewaendea. Mama alinifungulia mlango. Mume hakutoka chumbani. Jumamosi nitakwenda tena. Mniombee.