Hesabu za Maji ya Pete

Juzi nilikwenda Jozani, nikasimama juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko ya Pete. Maji yalikuwa yakijaa. Yaliingia horini kwa kasi, yalipofika penye mizizi yakapunguza mwendo, yakazunguka, yakaacha tope. Nikajiuliza: nani awezaye kuyahesabu haya?

Wataalamu wapo. Mmoja ni Dakta Majuto Manyilizu, Mtanzania wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya joto na mikondo ya Bahari ya Hindi upande wetu, uliofanywa kwa kompyuta.

Kazi hiyo, kwa maneno mepesi, ni hii. Bahari hugawanywa vyumba vingi, kama masanduku yaliyopangwa ubavu kwa ubavu na juu kwa chini. Kwa kila chumba kompyuta huhesabu maji yanayoingia na yanayotoka, na upepo unayasukuma wapi. Ikimaliza, huanza tena kwa dakika zinazofuata. Kabla ya kompyuta, Mwingereza Richardson alijaribu hesabu za namna hiyo kwa hali ya hewa. Zilimchukua majuma sita kwa mkono, na jibu lake, alilolichapisha mwaka 1922, halikuwa sahihi.

Siku hizi hesabu ni za haraka, lakini lipo jambo moja. Katika hesabu za bahari kuu, chumba kimoja huweza kuwa na upana wa kilomita nyingi. Hori lote la Pete humezwa humo, mikoko na wavuvi wake pamoja. Ili lionekane, vyumba lazima viwe vidogo, na vyumba vidogo vinataka vipimo: kina cha maji, na kasi yake wakati wa bamvua na wa maji mafu.

Nani anayajua hayo? Mvuvi anayajua, ila hajaulizwa wala hajaandikiwa. Kwa hiyo nasema: vijana wa Pete na Chwaka wapewe vifaa, wafundishwe kupima, walipwe, na majibu yarudi kwao kwa Kiswahili. Mikoko inakatwa kwa kuni na kwa majengo. Heri tujue ufuo utakuwaje kabla shoka halijashuka, kuliko kujua maji yakishafika mlangoni.